Haki ya Mgeni Haipotei: Kudai Mali Iliyodhulumiwa na Mfanyabiashara wa Nchi Nyingine

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu saba wa Nambilanje, wilayani Ruangwa, wametuletea suala ambalo kwa muhtasari ni hili. Baada ya kuuza ufuta wao, kila mmoja alitoa shilingi milioni 2, zikapatikana milioni 14, ili wanunue mashine ya kukamua mafuta. Wakamteua mmoja wao, mwalimu wa madrasa ambaye anakifahamu Kiingereza kidogo, azungumze na kampuni moja ya nchi ya mbali na kuituma pesa hiyo kwa niaba yao. Akaenda benki mjini Nachingwea, akatuma pesa kwenye akaunti ya kampuni, akarudi na risiti. Mwezi wa kwanza waliambiwa mashine imo melini. Mwezi wa pili wakatumiwa hati ya shehena, walipoipeleka bandarini wakaambiwa haina asili. Tangu hapo simu haipokelewi.

Ndugu hawa wanauliza mambo matatu. Kwanza, je, mali hii bado inadaiwa kisharia, na inadaiwaje kwa mtu ambaye hatumwoni na nchi yake hatuijui? Pili, watano miongoni mwao wanamtaka mwalimu auze mikorosho yake awarudishie pesa zao. Je, hiyo ni haki? Tatu, amejitokeza mtu kwa njia ya simu akisema anaweza kuikomboa pesa yote iwapo atatangulizwa shilingi laki 8, je, wamkubalie?

Tumeona jibu liandikwe hapa kwa urefu kidogo, kwa sababu maimamu wengi wanaletewa mas-ala ya namna hii siku hizi, na tumeona mara nyingi jambo lililoanza kwa dhulma ya mtu wa mbali likaishia katika dhulma ya jirani kwa jirani ndani ya msikiti mmoja.

MGENI WA ZUBAYD JUU YA JABALI ABU QUBAYS

Kabla ya hukumu, tuangalie historia, kwani jambo hili si geni. Wapokezi wa Sira wanasimulia kuwa kiasi cha miaka ishirini kabla ya Utume, mtu wa kabila la Zubayd kutoka Yemen aliingia Makka na bidhaa zake. Bidhaa zile zikanunuliwa na al-As bin Wail wa ukoo wa Sahm, mtu mwenye hadhi na nguvu katika Makureshi. Alipokwisha kuzipokea akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na ndugu Makka, wala hakuwa na ukoo wa kumkingia. Aliwaendea wakubwa wa koo kadhaa wakamfukuza, kwa kuwa al-As ni mwenzao. Ndipo alipopanda juu ya jabali Abu Qubays wakati wa kuchomoza jua, Makureshi wakiwa wamekaa pembezoni mwa Al-Kaaba, akapaza sauti kueleza dhulma aliyofanyiwa.

Sauti ile haikupotea. Zubayr bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume (S.A.W.), alisimama, wakakutana watu wa Banu Hashim, Banu al-Muttalib, Banu Asad, Banu Zuhra na Banu Taym katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an. Wakala kiapo kuwa hatadhulumiwa mtu Makka, awe mwenyeji au mgeni, isipokuwa wao watakuwa pamoja naye mpaka arudishiwe haki yake. Kisha wakaenda kwa al-As, wakamtoa mali ya yule Mzubaydi wakamrudishia mwenyewe. Kiapo hicho ndicho kinachojulikana kwa jina la Hilf al-Fudhul. Mtume (S.A.W.) alikihudhuria akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, na baada ya kupewa Utume alieleza kuwa hapendi kubadilishiwa kwa ngamia wekundu, na kwamba lau angeitwa kwa kiapo mfano wake katika Uislamu angeitikia.

Sira ya Ibn Hisham imeeleza pia kisa cha mtu wa Irash, naye mgeni, aliyemuuzia Abu Jahli ngamia, kisha Abu Jahli akawa anamzungusha katika malipo. Makureshi kwa kufanya mzaha walimwelekeza kwa Mtume (S.A.W.), wakijua uadui uliopo baina ya wawili hao. Mtume (S.A.W.) akasimama, akaenda naye mpaka mlangoni kwa Abu Jahli, akamgongea na kumtaka ampe mtu haki yake. Akalipwa palepale.

Ndugu msomaji, tazama yanayofanana katika visa hivi viwili. Mdai ni mgeni. Mdaiwa yuko kwao, kati ya watu wake. Haki haikurudi kwa mgeni kupigana mwenyewe, bali ilirudi alipopatikana mwenye uwezo katika mji wa mdaiwa akasimama kwa ajili yake. Na katika Hilf al-Fudhul, waliosimama walikuwa washirikina, na bado Mtume (S.A.W.) akakisifu kiapo chao. Hapa ndipo penye ufunguo wa suala letu lote: haki ya mgeni haipotei kwa kuvuka mpaka, lakini hairudi ila kwa ushahidi ulio wazi na kwa mkono wa mwenye mamlaka mahali alipo mdaiwa, au mahali ilipo mali yake.

MALI HII INA HUKUMU GANI?

Mkataba wa kutanguliza pesa ili uletewe kitu baadaye unaitwa salam. Ibn Abbas (R.A.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakitanguliza bei ya matunda kwa mwaka na miaka miwili, akawaelekeza wafanye hivyo kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Ikiwa kitu chenyewe kinatengenezwa kwa kuagizwa, kama mashine, mkataba huo unaitwa istisnaa, ambao Mahanafi waliukubali tangu zamani na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah ikaupitisha mwaka 1992.

Muuzaji akishindwa kuleta kitu kwa wakati wake, mnunuzi ana hiari mbili: kusubiri, au kuuvunja mkataba na kurudishiwa rasilimali yake kamili bila ya kupunguzwa wala kuongezwa. Na ikiwa muuzaji hakuwa na kitu tangu mwanzo bali alitoa hati ya uongo, basi pesa aliyopokea ni mali ya watu iliyo mikononi mwake kwa batili. Hadithi ya Samura (R.A.), iliyopokelewa na Abu Daud na Tirmidhi, imeweka kanuni kuwa mkono unabeba dhamana ya kile ulichochukua mpaka ukirudishe. Muda haufuti dhamana hiyo, wala bahari haiifuti.

Lakini lazima tutofautishe watu wawili. Yuko mdaiwa aliyekwama kwa dhiki ya kweli, huyu Allah (S.W.) ameamrisha katika Suratul-Baqara, aya ya 280, apewe muda mpaka apate wepesi. Na yuko mwenye uwezo anayezungusha, huyu Mtume (S.A.W.) amekuita kuchelewesha kwake kuwa ni dhulma, nayo ni Hadithi ya Bukhari na Muslim. Katika Hadithi nyingine, aliyoipokea Abu Daud na wengineo, imeelezwa kuwa mwenye uwezo akizungusha huwa amehalalisha kusemwa kwa uovu wake na kuadhibiwa. Kwa hiyo kumshitaki, na kuwatahadharisha wengine wasiingie mtegoni kwake, si kusengenya.

ASIYEKUWEPO NA BARUA YA KADHI

Wapo wanaodhani kuwa fiqhi haina la kusema juu ya mdaiwa aliye nchi nyingine. Sivyo. Wanazuoni wetu wa madh-hab ya Shafii waliweka mlango mzima unaoitwa al-Qadhaa ala al-Ghaib, yaani kuhukumu juu ya asiyekuwepo. Mahanafi wamekataa asihukumiwe mtu ila awepo yeye au mwakilishi wake. Mashafii wameruhusu, na hoja yao mojawapo ni Hadithi ya Hind bint Utba (R.A.), ambaye Mtume (S.A.W.) alimruhusu kuchukua katika mali ya mumewe kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema, bila ya mume kuitwa barazani.

Utaratibu wenyewe kama ulivyoelezwa na Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H.) katika Minhaj, na washereheshaji wake, ni huu. Mdai analeta madai yake kwa kadhi wa mji wake pamoja na ushahidi. Kadhi anausikiliza, kisha anamwapisha mdai kuwa haki hiyo bado ipo, hajalipwa wala hajasamehe, kwa kuwa mdaiwa hayupo wa kujitetea. Hukumu ikithibiti, kadhi anaangalia: kama mdaiwa ana mali katika mji huo, analipa deni kutokana nayo. Kama hana, na mdai akaomba, kadhi anamwandikia kadhi wa mji wa mdaiwa. Ama anampelekea ushahidi aliousikia ili yule ahukumu, au anampelekea hukumu iliyokwisha kutolewa ili yule atekeleze. Barua peke yake haikutosha. Walikwenda pamoja nayo mashahidi wawili waadilifu. Na mdaiwa akijitokeza, hoja yake inasikilizwa, kwani asiyekuwepo anabaki na hoja yake.

PAUNI 10,000 ZA TIPPU TIP

Pwani yetu iliwahi kuliona jambo hili kwa macho. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed al-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alifunga mkataba Unguja na Mwingereza Henry Morton Stanley, ukiwemo wa kumpatia wapagazi wa msafara wake wa kumfuata Emin Pasha. Mambo yakaharibika njiani. Stanley aliporudi pwani mwishoni mwa mwaka 1889, alifungua madai ya pauni 10,000 katika mahakama ya ubalozi wa Uingereza hapo Unguja, akidai kuwa Tippu Tip alivunja mkataba. Wakati huo Tippu Tip alikuwa mbali sana, huko Kongo katika maporomoko ya Stanley, akiwa hajui kinachoendelea.

Mahakama ile ilimfikiaje? Haikumfikia mwenyewe, ilifikia mali yake. Tippu Tip alikuwa na pesa yake kwa nyumba ya biashara ya Tharia Topan hapo Unguja, nao walikuwa Wahindi waliohesabiwa raia chini ya ulinzi wa Uingereza. Pesa ile ikazuiliwa mikononi mwao. Habari zilipomfikia, Tippu Tip alishika safari ndefu ya kurudi pwani, akafika Unguja mwaka 1891. Madai yale hatimaye yakaachwa.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwa mdai: usitazame tu yuko wapi mdaiwa, tazama iko wapi mali yake, na nani anamdai au anadaiwa naye. Kampuni ya nje inaweza kuwa na wakala Dar es Salaam, au mzigo bandarini, au pesa kwa mnunuzi wake wa hapa. Hapo mahakama ya hapa ina nguvu. Na mdaiwa akikuhamishia deni kwa tajiri anayedaiwa naye hapa, hiyo ni hawala, na Mtume (S.A.W.) amemwelekeza anayehamishiwa kwa mwenye uwezo akubali. La pili ni la uadilifu: mtu alizuiliwa mali yake kabla hajasema neno. Ndiyo maana wanazuoni wetu wakasisitiza kiapo cha mdai na hoja ya asiyekuwepo. Anayedai haki asiwe na haraka ya kuisahau haki ya mwenzake.

MAHAKAMA ZA LEO

Barua ya kadhi kwa kadhi haikufa, imebadilika sura. Kwanza ieleweke kuwa madai ya biashara hayaendi kwa Kadhi hapa kwetu. Tanzania Bara haina Mahakama ya Kadhi yenye nguvu ya dola. Zanzibar na Kenya zinazo, lakini kazi yake ni mambo kama ndoa, talaka na mirathi. Deni la biashara linapelekwa mahakama za kawaida, wala hapana ubaya kwa Muislamu kudai haki yake thabiti humo, ilhali Mtume (S.A.W.) amekisifu kiapo cha nyumba ya Ibn Jud'an.

Hukumu ya mahakama ya Tanzania haivuki mpaka yenyewe. Sisi tuna Sheria ya Utekelezaji wa Hukumu za Nchi za Nje, Sura ya 8, ambayo msingi wake ni nchi kutendeana kwa mfano. Nchi nyingine nazo zina sheria zake, zipo zinazozipokea hukumu zetu na zipo zisizopokea. Kwa hiyo kabla ya kufungua shauri hapa, muulize mwanasheria: hukumu hii itakubaliwa kule iliko mali?

Njia yenye mapana zaidi ni ya msuluhishi, inayofanana na tahkim katika fiqhi. Mkataba wa New York wa mwaka 1958 unazitaka nchi wanachama zitambue na kutekeleza uamuzi wa wasuluhishi uliotolewa nchi nyingine. Tanzania ilijiunga mwaka 1964, na wamo India, China, Kenya, Oman, Vietnam na Umoja wa Falme za Kiarabu. Lakini sharti lake ni kuwa wahusika wawe wamekubaliana kwa maandishi kwenda kwa msuluhishi. Asiyeandika sharti hilo kabla ya kutuma pesa, si rahisi kulipata baada ya kudhulumiwa.

HATUA ZA KUFUATA

Kwa ndugu zetu wa Nambilanje na walio mfano wao, tunashauri haya kwa utaratibu:

1. Kusanyeni ushahidi wote: ankara, mapatano, risiti ya benki, hati ile ya shehena, na ujumbe wote wa simu bila ya kufuta hata mmoja. Mdai ndiye mwenye jukumu la kuleta ushahidi. Allah (S.W.) ameamrisha deni la muda liandikwe katika aya ya 282 ya Suratul-Baqara, na Majmaa ya Jeddah mwaka 1990 ilikubali mikataba inayofungwa kwa vyombo vya kisasa vya mawasiliano.

2. Rudini benki mliyotumia, muombe kwa maandishi iwasiliane na benki iliyopokea. Jambo hili lina manufaa likifanywa mapema, saa na siku za mwanzo. Pesa ikishatolewa huko, ni vigumu.

3. Andikeni barua ya madai kwa kampuni, mtaje kiasi, tarehe na muda wa mwisho wa kulipa. Hapo ndipo itakapojulikana kama ni mwenye dhiki anayeomba muda, au ni mzungushaji.

4. Hakikisheni kama kampuni ipo kweli katika daftari la makampuni la nchi yake. Ubalozi wetu katika nchi hiyo, na Chama cha Wafanyabiashara, Viwanda na Kilimo Tanzania, wanaweza kuulizwa. Hawa hawana nguvu ya kulipisha, lakini ndio mfano wa waliosimama mlangoni kwa Abu Jahli.

5. Toeni taarifa polisi, kwani kujipatia mali kwa udanganyifu ni jinai. Polisi wetu wana ofisi inayoshirikiana na Interpol. Ila mfahamu kuwa jinai ni ya kumwadhibu mkosaji, na pesa huhitaji madai yake.

6. Pimeni gharama. Kwa milioni 14, wakili wa nchi ya nje anaweza kuzimaliza zote. Jiungeni na wengine waliodhulumiwa na kampuni hiyohiyo kama wapo. Wala msilaze jambo, kwa kuwa sheria ya Tanzania imeweka ukomo wa miaka sita kwa madai ya mkataba. Kisharia haki haifi kwa muda, lakini mlango wa mahakama hufungwa.

Ikiwa itadhihirika kuwa kampuni imefilisika, basi ingizeni madai yenu pamoja na wadai wengine. Sayyidna Umar (R.A.), kama ilivyo katika Muwatta ya Imam Malik, alimtangaza mtu wa Juhayna aliyekuwa akinunua vipando kwa mkopo ili awatangulie mahujaji mpaka akafilisika, akawaita wadai wake waje asubuhi wagawiwe mali yake. Na anayeikuta mali yake kwa ainya yake kwa aliyefilisika, yeye ni mwenye haki nayo zaidi, kwa Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.).

Kuhusu mtu wa laki 8: msimpe. Kumlipa mtu ujira wa kukomboa mali inajuzu, nayo huitwa juaala, na wanazuoni wameinukulia kutoka aya ya 72 ya Surat Yusuf, pale mzigo wa ngamia ulipoahidiwa kwa atakayeleta kopo la mfalme. Lakini maana ya juaala ni kuwa ujira unastahiki kazi ikikamilika. Anayekujua kuwa umeibiwa ilhali hukumwambia, akataka atangulizwe pesa, inachelewa kuwa ni mkono uleule uliorudi kwa mara ya pili.

MWALIMU ALIYETUMA PESA

Sasa tufike kwenye suala la pili, nalo kwetu ndilo zito zaidi. Aliyetuma pesa ni wakili wa wenzake. Wakili katika fiqhi ni amini, mkono wake ni mkono wa amana. Mali ikipotea mikononi mwake bila ya yeye kuvuka mipaka aliyowekewa wala kuzembea, hadhamini chochote, na kauli yake pamoja na kiapo chake inakubaliwa.

Basi waulizane: Je, walimtaka atume kwenye akaunti ya kampuni naye akatuma kwenye akaunti ya mtu binafsi? Je, walimwambia asubiri naye akaharakisha? Je, alificha habari? Ikiwa lolote katika haya limethibiti, anadhamini, kwa kuwa amevuka mpaka. Ikiwa alifanya kama walivyokubaliana, na wote waliiona ankara wakaridhika, basi yeye ni aliyedhulumiwa mara mbili: milioni 2 zake zimekwenda, na jina lake linafuata. Kwa jinsi suala lilivyoletwa kwetu, hatukuona uzembe wake. Kumlazimisha auze mikorosho yake ni kuila mali yake kwa batili, na wanaomlazimisha watakuwa wamefanya kwa ndugu yao lile walilofanyiwa na mgeni. Katika Suratul-An'am, aya ya 164, Allah (S.W.) ametubainishia kuwa hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nyingine.

Aya hiyo inamkinga na mtu mwingine pia. Haijuzu kumkamata mfanyabiashara wa nchi ile aliyeko Lindi au Mtwara na kumzuilia mali kwa sababu tu ni wa taifa la aliyewadhulumu.

MIPAKA YA ANAYEDAI

Mashafii wameruhusu aliyekataliwa haki yake, akishindwa njia nyingine na akaikuta mali ya mdaiwa mwenyewe, achukue kiasi cha haki yake bila ya kuleta fitina. Mlango huu ni mwembamba, na wenye kuupitia bila ya ushahidi huishia kuitwa wezi. Pale palipo mahakama, mahakama ndiyo salama.

Riba isiingie. Mahakama inaweza kuamuru riba juu ya deni kwa kucheleweshwa. Majmaa ya Jeddah mwaka 1990 ilibainisha kuwa haijuzu kumtoza mdaiwa nyongeza kwa kuchelewa kulipa deni. Mdai achukue rasilimali yake. Ama gharama za kweli alizolazimika kuzitoa ili kupata haki yake, Ibn Taymiyya ameona kuwa ziko juu ya mwenye uwezo aliyezungusha, kwani yeye ndiye aliyesababisha.

Dua isielekezwe kwa dhana. Watu wetu wakidhulumiwa hukimbilia kusoma Halbadiri. Dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Allah (S.W.), kama Mtume (S.A.W.) alivyomuusia Muadh (R.A.) alipomtuma Yemen. Basi ombeni haki yenu irudi. Lakini kikao cha kumsomea mwenzenu kwa dhana tu ni dhulma iliyovaa kanzu, na dhana imekatazwa katika aya ya 12 ya Suratul-Hujurat. Wala haijuzu kwenda kwa mganga.

Zaka ya pesa hiyo, kwa aliyefikia nisabu, haimlazimu kuitoa sasa. Kwa kauli inayotegemewa na Mashafii ataitoa akiipata, kwa miaka yote iliyopita. Imam Malik ameona atoe ya mwaka mmoja.

KINGA: FUNZO LA MSIMU WA KOROSHO

Watu wa Ruangwa na Nachingwea hawajausahau msimu wa 2018/2019. Bei ya mnada ilipokataliwa, Serikali ilitangaza Novemba 2018 kuwa itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tarehe 30 Januari 2019 ukatiwa saini mkataba na kampuni ya Indo Power Solutions ya Kenya, wa tani 100,000 kwa takriban shilingi bilioni 418. Malipo hayakuja, mkataba ukavunjwa mwaka huohuo wa 2019, na mzigo ukatafutiwa wanunuzi wengine. Hatusemi kuwa walikusudia hadaa, yaliyo vifuani anayajua Allah (S.W.). Tunachokitazama ni hukumu. Muuzaji ana haki ya kuizuia bidhaa mpaka apokee bei yake, ikiwa bei si ya kuahirishwa. Anayeshika haki hiyo anaweza kupoteza wakati, lakini halazimiki kuvuka bahari akitafuta mali yake.

Kwa mnunuzi kinga ni namna hiyohiyo. Majmaa mwaka 1992 imeruhusu bei ya istisnaa igawanywe kwa mafungu. Basi asitoe zote mwanzoni. Atoe fungu, lingine mashine ikikaguliwa na mtu wake, la mwisho ikifika. Aandike sharti la msuluhishi. Aihakikishe kampuni kabla ya kutuma, wala si baada. Na wanaoshirikiana waandike wao kwa wao pia: nani ametumwa, afanye nini, na nini asifanye. Lau ndugu zetu wangekuwa na karatasi moja ya namna hiyo, leo mwalimu asingekuwa anasalia nyumbani kwa aibu.

KHITIMISHO

Muhtasari wa jibu letu ni huu: mali yenu bado ni yenu, nayo inadaiwa. Idaini kwa ushahidi, kwa utaratibu, na mahali ilipo mali ya mdaiwa. Ikirudi yote au baadhi, igawanywe sawa kwa kadiri ya kila mtu alichotoa. Isiporudi, iko Siku ambayo Hadithi ya Muslim imetueleza kuwa muflisi wa kweli atakuja na sala, saumu na zaka, kisha mema yake yagawiwe aliowadhulumu mpaka yaishe. Huko hakuna hati ya uongo wala simu isiyopokelewa.

Ama mwalimu, mwendeni nyumbani kwake kabla ya Ijumaa ijayo, mumrudishe kwenye safu. Hilo liko katika uwezo wenu leo, wala halihitaji wakili wala benki.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarudishie ndugu zetu haki yao, azikinge mali za Waislamu, na atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.